Tiketi ya msimu inalipa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ligi ikishamalizika, na mara nyingine hata kabla haijamalizika, klabu huanza kutangaza bei za tiketi za msimu unaofuata. Hapo ndipo maswali haya huibuka. Mifano mingi hapa chini imetoka Uingereza na Ujerumani, kwa kuwa nchi hizo mbili zimebishana sana juu ya bei ya tiketi na kila moja ikashika njia yake. Hesabu zenyewe ni zilezile popote pale.

Tiketi ya msimu inanipa nini hasa?

Inakupa haki ya kukalia kiti kilekile, au kusimama sehemu ileile, katika mechi zote za ligi ambazo timu yako inacheza nyumbani. Ligi Kuu ya Uingereza ina timu 20, kwa hiyo mechi za nyumbani ni 19. Bundesliga ina timu 18, mechi 17. Championship, ambalo ni daraja la pili la Uingereza, ina timu 24 na mechi 23 za nyumbani, hivyo shabiki wa daraja la pili anaona mpira mwingi zaidi, na mara nyingi kwa pesa kidogo zaidi.

Mechi za ugenini hazimo. Za vikombe kwa kawaida hazimo pia. Arsenal kwa miaka mingi ilijitofautisha: tiketi yake ilibeba mechi 26, yaani 19 za ligi na saba za vikombe. Kila mwaka magazeti yaliiweka juu kabisa kwenye orodha ya klabu ghali, na kila mwaka wachache sana walijishughulisha kugawa bei ile kwa idadi ya mechi. Bado ilikuwa ghali, lakini si kwa kiasi kile kilichopigiwa kelele. Soma kwanza idadi ya mechi, ndipo usome bei.

Nitajuaje kama inanilipa mimi?

Chukua bei ya tiketi ya msimu, igawe kwa bei ya tiketi ya mechi moja ya kiti kama hicho. Jibu ndilo idadi ya mechi unazopaswa kuhudhuria ili usile hasara. Tuseme ya msimu ni pauni 600 na ya mechi moja ni pauni 45. Ukigawa unapata 13 na ushei, kwa hiyo ni lazima uende mechi 14 kati ya 19. Ukienda 13, ungekuwa unanunua moja moja ungebaki na chenji mfukoni.

Kosa la kawaida ni kugawa 600 kwa 19, kupata pauni 31 na kitu, na kushangilia. Hesabu hiyo ni ya mtu asiyeugua, asiye na zamu kazini, asiye na ndugu wanaooa siku ya Jumamosi. Angalia misimu yako iliyopita ulikwenda mara ngapi kweli, usiangalie unatamani kwenda mara ngapi.

Kosa la pili ni kutumia bei moja kwa mechi zote. Klabu nyingi hupanga mechi kwa makundi: wakija vigogo bei inapaa, ikija timu ya mkiani bei inashuka. Kwa hiyo orodhesha mechi ambazo ungezinunua hata kama usingekuwa na kadi ya msimu, kisha jumlisha bei zake. Jumla ikizidi bei ya msimu, nunua. Isipozidi, unalipia mechi ambazo huzitaki.

Na kuna gharama isiyoandikwa kwenye tangazo. Mwenye kadi huenda uwanjani hata siku ambayo angebaki nyumbani, kwa kuwa "nimeshalipia". Nauli, chakula na muda wa siku hiyo havikuwa vimelipiwa. Mtu anayekaa saa mbili kutoka uwanjani anaweza kutumia nauli kubwa kuliko tiketi yenyewe.

Lakini mechi za klabu yangu tiketi za moja moja hazipatikani kabisa. Nifanyeje?

Hapo hesabu inabadilika. Klabu ambayo uwanja wake hujaa kila wiki huuza tiketi chache zilizobaki kwa wanachama, nao hulipa ada ya uanachama na kisha kuingia kwenye droo. Ukiwa na kadi ya msimu, unachonunua ni uhakika, na uhakika una bei yake. Mara nyingi pia unapata pointi za kukupa nafasi ya mbele kwenye foleni ya tiketi za ugenini na za fainali.

Usipime thamani kwa bei ya walanguzi. Uingereza na Wales, kuuza tiketi ya mpira bila idhini ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1994, na tiketi ya mlanguzi inaweza kufutwa ukiwa umefika mlangoni. Bei ya kitu ambacho huenda hutakipata haiwezi kuwa kipimo cha haki.

Kwa nini Uingereza ni ghali na Ujerumani ni rahisi?

Jibu fupi ni kwamba Uingereza mwenye klabu na shabiki ni watu wawili tofauti, na Ujerumani kwa sehemu kubwa ni mtu mmoja.

Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walibanwa hadi kufa katika uwanja wa Hillsborough. Waliopoteza maisha ni 97. Ripoti ya mwaka 1990 ya Jaji Taylor, aliyechunguza maafa hayo, ilipendekeza viwanja vikubwa viwe vya viti pekee, bila sehemu za kusimama. Inasahaulika kwamba Taylor hakuona sababu ya viti hivyo kuwa na bei ya kutisha: alitoa mfano wa uwanja wa Ibrox kule Glasgow, ambako kiti kilikuwa pauni 6 na kusimama pauni 4. Klabu zilichukua viti, zikaacha ushauri wa bei. Mwaka 1992 Ligi Kuu ikaanzishwa, pesa za televisheni zikaanza kumiminika, wamiliki wakabadilika, na kijana aliyekuwa akiingia kwa mshiko wa mfukoni akajikuta nje.

Ujerumani majukwaa ya kusimama yalibaki. Jukwaa la kusini la Borussia Dortmund pekee linachukua watu wapatao 25,000, na kusimama ni nafuu kila mahali. Halafu kuna kanuni ya 50+1: wanachama wa klabu wanatakiwa kuwa na kura nyingi kuliko mwekezaji, isipokuwa kwa klabu chache zilizoruhusiwa. Rais anayepandisha bei kiholela atakutana na walewale waliolipia kwenye mkutano mkuu, wakiwa na kura mkononi. Ndiyo maana Bayern Munich, klabu tajiri kuliko zote nchini humo, imekuwa ikiuza tiketi ya msimu ya kusimama kwa chini ya euro 200. Uli Hoeneß, akiwa rais wake, alieleza kwamba kupandisha bei hizo kungeingiza milioni mbili hivi, kiasi ambacho wao hukijadili dakika tano tu wanaposajili mchezaji, na kwamba shabiki si ng'ombe wa kukamuliwa. Klabu nyingi za huko pia huweka usafiri wa umma wa siku ya mechi ndani ya tiketi.

Sisemi Ujerumani ni peponi. Tiketi hizo za kusimama zimeshikwa na wenyewe miaka nenda rudi, na kijana mgeni anaweza kusubiri mpaka ndevu ziote mvi. Bei ya chini bila nafasi ni haki ya waliotangulia.

Pesa za televisheni si zinatosha? Kwa nini tuendelee kukamuliwa sisi?

Hili ndilo swali linalowauma zaidi watu, na wana haki. Haki za matangazo ya Ligi Kuu ndani ya Uingereza kwa misimu mitatu kuanzia 2016 ziliuzwa kwa pauni bilioni 5.1. Kwa klabu ya katikati ya msimamo, mapato ya mlangoni yamekuwa sehemu ndogo tu ya jumla. Kwa klabu kubwa zenye viwanja vikubwa mlango bado una uzito, ila sehemu nono ya mapato hayo hutoka kwa wageni wa makampuni na vyumba vya kifahari, wala si kwa yule aliyekaa nyuma ya goli.

Mashabiki waliwahi kulionyesha hili kwa vitendo. Januari 2013 Arsenal iliwapangia mashabiki wa Manchester City bei ya pauni 62, na City ikarudisha tiketi 912 zilizokosa wanunuzi. Februari 2016 Liverpool ilitangaza kwamba tiketi ya juu kabisa kwenye jukwaa lake jipya itakuwa pauni 77. Mechi iliyofuata, dhidi ya Sunderland, maelfu waliinuka na kutoka dakika ya 77. Liverpool ilikuwa inaongoza 2-0. Mechi ikaisha 2-2. Siku chache baadaye wamiliki waliomba radhi na kurudisha bei ya juu kuwa pauni 59. Mwaka huohuo klabu zote za Ligi Kuu zilikubaliana kwamba tiketi ya shabiki wa timu ya ugenini isizidi pauni 30.

Somo ninaloliona hapo: bei ilishuka kwa sababu viti vitupu vilionekana kwenye televisheni. Hasira ya mitandaoni, na mwisho wa siku mtu analipa ileile, haijawahi kumtikisa mkurugenzi yeyote.

Timu ikiboronga, si nimeibiwa?

Hapana, ingawa utahisi hivyo. Tiketi ya msimu ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na unalijua hilo unapolipa. Msimu wa 2007/08 Derby County ilishinda mechi moja tu ya ligi, dhidi ya Newcastle mwezi Septemba. Miezi yote iliyofuata mwenye kadi hakuona ushindi, na bado uwanja wao uliingiza wastani wa watu zaidi ya 32,000. Southampton ya 2024/25 ilishuka daraja mapema Aprili zikiwa zimebaki mechi saba. Ushindi wa ligi walioupata nyumbani ulikuwa mmoja, dhidi ya Everton.

Upande wa pili, mtu aliyelipia Leicester City kiangazi cha 2015 alilipia timu iliyoponea chupuchupu kushuka. Nyumbani alishuhudia kipigo kimoja tu cha ligi, cha Arsenal, na Mei akashika bendera ya bingwa. Bei ilikuwa ya timu ya kupigania kubaki.

Ukitaka kulipa kwa matokeo, nunua mechi moja moja uone hali inavyokwenda. Kitu ambacho klabu inaweza kulaumiwa nacho ni ahadi: ikipandisha bei kwa kutangaza kwamba itasajili, kisha isisajili, hapo malalamiko ni halali kabisa.

Kwa nini nisitazame tu kwenye televisheni?

Kwa pesa tupu, televisheni inashinda. Lakini Uingereza kuna kikwazo: kuanzia saa nane na dakika 45 mchana hadi saa kumi na moja na robo jioni, Jumamosi, hakuna mechi inayoruhusiwa kuonyeshwa moja kwa moja nchini humo. Kwa hiyo shabiki wa timu isiyopendwa na kamera anaweza kukosa sehemu kubwa ya mechi za timu yake asipokwenda mwenyewe.

Kinyume chake ni kwamba kamera ndizo zinazovuruga ratiba ya mwenye kadi. Ulilipia ukidhani ni Jumamosi alasiri. Ghafla ni Jumatatu usiku, ama Jumapili mchana, na treni ya mwisho inaondoka kabla ya kipenga. Tangu msimu wa 2025/26 mechi zote za Ligi Kuu zisizochezwa kwenye dirisha lile la Jumamosi zinaonyeshwa. Timu yako ikicheza Ulaya siku za Alhamisi, mechi nyingi za ligi zitasogezwa Jumapili. Unapofanya hesabu ya mechi 14, punguza kabisa zile ambazo unajua hutaziweza zikihamishwa.

Nikishindwa kwenda, naweza kumpa mtu kiti changu?

Hapa ndipo tiketi mbili za bei sawa hutofautiana kama mchana na usiku, na ndipo wanunuzi wengi hawasomi.

Klabu nzuri ina mfumo wake wa kuuziana: unakiachia kiti, klabu inakiuza, wewe unapata sehemu ya mechi ile, yaani bei ya msimu kugawa kwa idadi ya mechi, pengine ikipunguzwa ada. Barcelona ina utaratibu wa aina hiyo kwa wanachama wake. Uliza mambo matatu. Je, wanakurudishia pesa taslimu au salio la msimu ujao? Je, unalipwa ukikiachia tu, au mpaka kipate mnunuzi? Je, mfumo hufunguliwa kwa mechi zote au pale tu uwanja ukishajaa? Sharti hilo la mwisho ni la kuumiza: mechi ambayo wewe huitaki ndiyo ambayo wengine pia hawaitaki, na uwanja hautajaa.

Halafu kuna sharti la mahudhurio. Klabu kubwa kadhaa sasa zinakutaka utumie kadi, uihamishe kwa rafiki kwa njia rasmi au uachie kiti kwa idadi fulani ya mechi, la sivyo hupewi msimu ujao. Mimi naliunga mkono. Kiti kitupu huku watu wakisubiri miaka ni aibu. Lakini sharti hilo likae pamoja na mfumo wa kuuziana unaofanya kazi. Huwezi kumwadhibu mtu kwa kutokwenda na papo hapo kumzuia kumpa ndugu yake.

Mechi za vikombe zitanigharimu zaidi?

Zitakugharimu. Ligi ya Mabingwa ya sasa ina mechi nne za nyumbani katika hatua ya ligi pekee, kabla ya mtoano. Baadhi ya klabu huweka kipengele cha kukata pesa kwenye kadi yako moja kwa moja kila mechi ya kombe inapopangwa, utake usitake. Tafuta kipengele hicho kabla ya kuweka sahihi.

Kulipa kwa awamu ni sawa?

Ni sawa kama hakuna riba. Klabu nyingi hukabidhi malipo hayo kwa kampuni ya mikopo, na hapo tiketi yako inakuwa mkopo wenye riba au ada. Jumlisha awamu zote, linganisha na bei ya taslimu.

Klabu ikifilisika, au mechi zikichezwa bila mashabiki?

Agosti 2019 Bury ilifukuzwa kwenye ligi za kulipwa za Uingereza kwa sababu ya matatizo ya fedha. Waliokuwa wameshalipia msimu walibaki na kadi zisizo na mechi. Mashabiki wa namna hii huwa ni wadai wa mwisho kwenye foleni. Kule Uingereza anayelipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 analindwa na sheria ya mwaka 1974: anaweza kuidai kampuni ya kadi. Kama nchi yako ina kinga kama hiyo na klabu yako inanuka madeni, itumie.

Machi 2020 soka ya Uingereza ilisimama kwa sababu ya korona, na iliporudi Juni viwanja vilikuwa vitupu. Klabu zililazimika kurudisha pesa za mechi zilizobaki au kutoa salio, zingine haraka, zingine kwa kuvutana. Tangu hapo masharti mengi yana kifungu kinachosema nini kitatokea mechi zikichezwa bila watu. Kisome.

Na watoto na wazee?

Punguzo lao ndilo kipimo changu cha kwanza cha klabu. Machi 2024 Tottenham ilitangaza kwamba kuanzia msimu wa 2025/26 haitaongeza wazee wapya kwenye punguzo. Novemba mwaka huohuo Manchester United, msimu ukiwa katikati, iliweka bei ya pauni 66 kwa tiketi za wanachama zilizokuwa zimebaki, mtoto na mzee wakilipa sawa na mtu mwenye mshahara. Mzee wa miaka 70 aliyeanza kwenda uwanjani akiwa shuleni ameshailipia klabu hiyo majukwaa mangapi? Mashabiki walipotoka na kampeni ya kupinga kunyonya uaminifu, wapo waliowaona walalamishi. Mimi nadhani walikuwa wapole.

Bei ikishushwa, klabu haiumii?

Inategemea viti vitupu vilivyopo. Mwaka 2007 Bradford City ilishuka hadi daraja la nne ikiwa na uwanja uliopanuliwa kwa ajili ya Ligi Kuu. Ikauza tiketi za msimu kwa pauni 138, na wastani wa mashabiki ukawa zaidi ya 13,000, katika daraja ambalo wengine walifurahia nusu ya hapo. West Ham ilipohamia London Stadium mwaka 2016 ilikuwa na maelfu ya viti vipya vya kujaza, ikaanzia pauni 289. Fortuna Düsseldorf ya Ujerumani ilikwenda mbali zaidi: Oktoba 2023 iliwaingiza watu bure, gharama zikibebwa na wafadhili, na timu ikatoka nyuma 0-3 kuifunga Kaiserslautern 4-3.

Klabu inayojaza uwanja kila wiki haina sababu hiyo ya kibiashara. Kwake bei ya haki ni uamuzi wa kimaadili, na ndiyo maana haifanyi mpaka isukumwe.

Nikiacha msimu mmoja, nafasi yangu itanisubiri?

Kwa klabu yenye orodha ya kusubiri, hapana. Kiti kinakwenda kwa anayefuata na wewe unaanzia mkiani. Hofu hiyo ndiyo huwafanya wengi walipie misimu ambayo hesabu inawakataza, na klabu zinaijua vizuri. Chache huruhusu mapumziko ya msimu mmoja kwa ugonjwa, uzazi au kazi ya mbali, lakini mara nyingi hazilitangazi. Inabidi uulize, na uombe jibu kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho ya kuhuisha. Kwa klabu ambayo uwanja wake haujai, acha bila wasiwasi. Nenda mechi unazozitaka, na mwakani ukirudi huenda ukakuta hata kiti chako cha zamani hakijachukuliwa.